Nasaba ya Kagendo

Mara ya nne kioo kilipogeuka buluu, Mutugi aliacha kuitukana mashine akaanza kuibembeleza. Fundi huyu wa kompyuta, mzaliwa wa Runyenjes aliyefungua kiduka chake mjini Meru, alikuwa amejikunja chini ya meza katika ofisi ya ushirika wa wafugaji, nje kidogo ya Kianjai. Tochi ilikuwa mdomoni, kitambi kimembana, na mkono wake ulikuwa ukipapasa nyuma ya kompyuta mpya kutafuta tundu la duara la kuchomekea kibodi kuukuu.

"Mama Kananu," alisema alipoitoa tochi, "hii mashine ni ya juzi. Hii Windows unataka nikuwekee ni ya wakati mimi nikiwa darasa la nane. Haziskizani kabisa. Ni kama kumwambia punda avute trekta."

"Punda akijua njia, trekta itafika," Kananu alimjibu, akamsogezea kikombe cha chai.

Alisema kwa utani, ila moyoni hakuwa na utani hata chembe. Kwa wiki mbili nzima alikuwa amegombana na nusu ya kamati kwa ajili ya punda huyo. Kompyuta ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, ilikuwa imeanza kutoa harufu ya moshi, na ushirika ukachanga ukanunua nyingine. Mwenyekiti Kailemia, mtu wa kupenda vipya hata kabla hajajua vinafanya nini, alitaka kila kitu kianze upya: programu mpya ya simu, yenye picha za ng'ombe wanaocheka. Kananu alisimama kidete.

"Tukianza upya," aliwaambia, "kila ng'ombe wa hapa atakuwa yatima. Hatamjua baba wala babu."

Wala hakuwa akipiga domo. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya mrija badala ya dume. Wafugaji walimwita daktari naye alichoka kuwakosoa. Mtu wa kazi hiyo asipojua nasaba ya ng'ombe ni sawa na kipofu barabarani. Leo atampandisha mtamba kwa mbegu ya baba yake mzazi, damu irudi kwenye damu, na baada ya miezi tisa mwenye ng'ombe alie. Nasaba za ng'ombe elfu tatu na ushei zilikuwa ndani ya programu moja ya zamani, na programu hiyo haikukubali kuishi popote ila kwenye Windows ile ya kilima cha kijani na mbingu ya buluu. Mutugi alikuwa ameijaribu ndani ya Windows mpya mara mbili. Ilikataa katakata.

Kulikuwa na sababu nyingine, ambayo Kananu hakuwaambia kamati. Programu ile ilikuwa kazi ya Mzee Muthamia.

Muthamia ndiye aliyeuanzisha ushirika. Ndiye aliyemkuta Kananu, mjane wa miaka thelathini anayeuza maziwa kando ya barabara, akimzalisha ng'ombe wa jirani kwa mikono mitupu, akasema, "Mikono hii inapotea bure." Akamfundisha kazi. Akashuka Nairobi akarudi na programu kwenye diski mbili zilizofungwa ndani ya leso, iliyoandikwa na rafiki yake wa chuo kikuu kama yeye mwenyewe alivyoielekeza. Kisha akamketisha Kananu mbele ya kompyuta, yeye aliyekuwa hajawahi kugusa hata taipureta, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: kishale hiki hushuka, hiki hupanda, vingine usiviguse. Kananu hakuvigusa. Mpaka leo alimwita Mwalimu, ingawa Muthamia alikuwa amehamia Timau miaka mingi kulima ngano, na kila Krismasi alimtumia gunia la viazi vikuu na mbaazi, kwani kule kwenye baridi havimei. Ni yeye Kananu aliyependekeza kwamba Ijumaa, siku ya kuizindua kompyuta mpya, Mzee Muthamia aitwe abonyeze kitufe cha kwanza.

Jumatano alasiri punda alikubali nira. "Nimeiambia diski ijifanye ya zamani," Mutugi alisema, akijipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Imedanganyika." Kilima cha kijani kikatokea, kimevutwa kwa pande zote mpaka kikawa kama kimefurishwa maji. Programu ikafunguka, herufi zake zimenenepa.

"Haitaingia mtandaoni, hiyo sahau," fundi aliendelea. "Na kioo bado hakijapata draiva yake, ile programu ya kukiongoza, ndiyo unaona picha imefura. Kesho nitatafuta."

"Ng'ombe hawana haja ya mtandao," Kananu alisema. Alivuta kiti, akaandika jina la ng'ombe wa kwanza lililomjia. Halikumjia kwa bahati. Ndilo jina aliloliandika kila alipoifungua programu ile, kama mtu anayeligusa jino bovu kwa ulimi ajue kama bado linauma. Kagendo, wa Mwalimu Karambu.

Bado liliuma.

Kagendo alikuwa ng'ombe wa kujivunia. Karambu, mwalimu wa shule ya msingi, alimlea kama mtoto wa mwisho, na maziwa yake yalijulikana kijiji kizima. Novemba ya mwaka 2013 alimzaa ndama kipofu mwenye miguu iliyopinda. Ndama aliishi siku moja. Kagendo mwenyewe, aliyechanika vibaya, alikufa siku ya tatu. Daktari wa mifugo aliyeletwa alitazama kumbukumbu akatikisa kichwa: baba wa ndama alikuwa dume nambari 14, na dume nambari 14 alikuwa baba wa Kagendo.

Siku zile utaratibu ulikuwa mmoja. Asubuhi Muthamia aliangalia nasaba kwenye kompyuta, akafungua mtungi wa naitrojeni uliogandisha mbegu, akachagua mirija, akaitia katika chupa baridi ya Kananu. Maandishi ya mrija ni madogo na hufunikwa na theluji. Kananu alipandisha alichopewa. Na siku aliyopandishwa Kagendo aliikumbuka, au alidhani aliikumbuka: mvua ya rasharasha, Muthamia amesimama langoni na chupa mkononi, ana haraka, buti moja halijaingia vizuri. Lakini miezi tisa ilikuwa imepita. Muthamia alimtazama kwa huruma, huruma ambayo Kananu aliishukuru kwa miaka, akasema, "Asubuhi ile nilikuwa Maua, Kananu. Ulichagua mwenyewe. Usibishane na mimi, tuulize kompyuta."

Kompyuta ikajibu. Aliyechagua mbegu: KANANU.

Angesema nini? Mtu anaweza kukuonea, jirani anaweza kukusingizia, lakini mashine haina shamba la kugombania wala mke wa kuonea wivu. Kananu aliamini mashine akayakana macho yake. Alisimama mbele ya wanachama katika ukumbi wa kanisa akaomba radhi, sauti ikimkauka. Kisha akamtoa Nkirote, mtamba wake wa pekee, akampa Karambu kufuta machozi. Wazee walitaka mtu wa tatu aishike kamba, asimame kati ya anayetoa na anayepokea. Aliyeishika kamba alikuwa Muthamia.

Tangu siku ile Kananu alikuwa mtu mwingine. Hakumpandisha ng'ombe kabla ya kuifuta theluji kwenye mrija na kumlazimisha mwenye ng'ombe asome nambari kwa sauti, mara tatu, mpaka watoto wa vijijini wakambandika jina la Hebu Soma. Alicheka nao. Yasiyochekesha ni yale ya ndani. Alifunga mlango akarudi kuutikisa. Alitia chumvi akaonja, akaonja tena, akamwita binti yake aonje. Mtu aliyepoteza ng'ombe atanunua mwingine, lakini aliyepoteza imani na kumbukumbu yake mwenyewe ataomba ushahidi hata wa jina lake.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mutugi aliingia akipiga mluzi. Alikuwa amempata mtu huko mtandaoni, mpenzi wa mashine za zamani kama Kananu, aliyetengeneza draiva ya kioo cha aina ile. Akaichomeka, akangoja, akaizima mashine na kuiwasha. Kilima cha kijani kikarudi kikiwa kimekonda na kunyooka.

"Sasa fungua ng'ombe zako," alisema. "Uone vile kioo kipana kinakaa."

Kananu alimfungua Kagendo. Jedwali alilolijua kama kiganja cha mkono wake likajitandaza kutoka kushoto. Jina. Mwenyewe. Mama. Baba. Tarehe. Dume. Aliyechagua mbegu. Hapo ndipo jedwali lilipoishia siku zote, ukingoni kabisa mwa kile kioo kidogo. Leo halikuishia hapo. Likaendelea safu tatu zaidi, ambazo hakuwahi kuziona maishani mwake.

Awali: MUTHAMIA. Amebadilisha: MUTHAMIA. Tarehe: 12/11/2013.

Alisoma. Alisoma tena. Kisha, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, akamwambia Mutugi, "Hebu soma."

Mutugi akasoma kwa sauti, hajui anachokisoma.

"Hizi umeziongeza wewe?"

"Mimi? Mimi hata sijui kuandika hiyo programu, Mama. Zimekuwa hapo siku zote. Ile skrini ya zamani ilikuwa ndogo, ikazikata. Mtu angeziona tu akibonyeza kishale cha kwenda kulia." Akamtazama usoni, na furaha yote ikamtoka. "Kuna kitu mbaya?"

Tarehe kumi na mbili Novemba. Kagendo alikufa tarehe kumi. Mkutano wa kanisani ulikuwa tarehe kumi na nne. Kananu alipanga siku zile tatu kichwani, na kila alipozipanga zilikaa sawasawa. Mvua ya rasharasha ilikuwa kweli. Lango lilikuwa kweli. Buti lilikuwa kweli. Hasira ilimpanda, hasira ya moto, lakini mbele ya hasira kulikuja kitu kilichomshangaza: alijionea huruma, yule Kananu wa ukumbi wa kanisa, aliyekuwa amekumbuka kweli na hakuwa na mtu wa kumwamini, hata yeye mwenyewe. Na ni nani aliyepigana wiki mbili ili programu hii isitupwe? Ni nani aliyemwalika mgeni wa heshima? Alitamani kucheka, machozi yakamtangulia.

Mutugi hakuwa mjinga. Aliyaona majina, akaunganisha. "Naweza kuifinya picha irudi vile ilikuwa," alisema polepole. "Dakika moja tu. Hakuna mtu ataona."

"Iache kwanza," Kananu alisema. Hakujua kama alisema hivyo kwa ujasiri au kwa kukosa nguvu za kusema jingine.

Ijumaa wanachama walijaa mapema katika ukumbi ule wa kanisa, akina mama wamevaa vitambaa vya kanisani, wanaume wamenyoa. Meza ya kompyuta ilikuwa imetolewa ofisini na kuwekwa mbele, kioo kimeelekezwa ukutani ili mgeni wa heshima akizunguke na kuketi. Muthamia aliingia kwa mlango wa pembeni, amevaa koti zito la Timau ambalo Kianjai lilimfanya atoke jasho. Alikuwa amezeeka kuliko sauti yake ya simu.

"Muga, Kananu, mwanangu," alisema, akimnyooshea mikono yote miwili.

Kananu aliipokea, kwani heshima ni heshima. Kisha akamwelekeza kitini. Kagendo alikuwa pale kwenye kioo, safu zote kumi.

Muthamia alitoa miwani, akaiweka puani, akasoma. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomchoma Kananu kuliko yote. Mzee alishusha pumzi tu, kama mtu aliyetua mzigo ambao aliuzoea.

"Kioo hiki ni kipana," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo mabenchi hayangeisikia.

"Cha zamani kilikuwa kinakata."

"Lakini zilikuwako. Ungebonyeza kishale cha kulia."

"Hukunifundisha kishale cha kulia, Mwalimu. Ulinifundisha cha kushuka na cha kupanda. Vingine ukaniambia nisiviguse."

Muthamia aliivua miwani. "Mimi nilidhani umeshaona," alisema. "Mwaka ule ule. Mtu akae na kompyuta miaka yote hiyo asiione? Gunia la kwanza la viazi lilipofika Timau nililia, Kananu. Nikamwambia mke wangu, huyu mama amejua na amenisamehe. Kila Krismasi nilikula nikijua unajua."

"Nilikuwa ninakushukuru," Kananu alisema. "Kwa kunihurumia."

Nyuma yao Mwenyekiti Kailemia alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, na watu wakicheka kwa sababu kilikuwa kikikoroma.

"Asubuhi ile nilikuwa na haraka," Muthamia alisema. "Sikuangalia nasaba. Mara moja tu, katika miaka yote ile, sikuangalia. Ushirika ulikuwa bado dhaifu. Wangejua ni mimi, wangeuvunja. Wewe walikupenda, nilijua watakusamehe."

"Walinisamehe," Kananu alisema. "Nkirote hakurudi, lakini walinisamehe."

Alingoja. Alijua anangoja nini, na alijionea haya kwa kukingoja: neno moja tu, ambalo yeye mwenyewe alilisema mbele ya ukumbi mzima na sauti ikamkauka. Kama Mwalimu angelisema hata kwa kunong'ona, pale penye kipaza sauti kinachokoroma, huenda angeinyoosha mikono yake tena. Mungu anajua alikuwa tayari. Kumpenda mtu miaka ishirini na miwili si jambo la kukunjwa asubuhi moja kama mkeka.

Muthamia alitazama mabenchi. Akatazama kioo. Akainama karibu na sikio la Kananu.

"Yule fundi wako," alinong'ona, "anaweza kuirudisha iwe ndogo kama zamani?"

Lile la mwaka 2013 alitendewa akiwa hayupo, mtu amejifungia ofisini na kibodi. Hili alitendewa usoni.

"Anaweza," alisema. "Ni kazi ya dakika moja tu."

Muthamia alifunga macho kwa shukrani, akampigapiga mkono. Na hapo kipaza sauti kikapona ghafla, sauti ya Mwenyekiti Kailemia ikajaa ukumbi: kompyuta mpya, maendeleo, mzee wetu aliyetuwashia taa hii. Watu wakapiga makofi. Katika benchi la pili aliketi Mwalimu Karambu, sasa amestaafu, mkongojo magotini. Alipokutana na macho ya Kananu alimtolea tabasamu lile lile la kila siku, tabasamu la mtu mwema aliyekwisha samehe. Nyumbani kwake, Kananu alijua, kulikuwa na kitukuu cha Nkirote, mtamba mweusi mwenye baka jeupe pajani. Kananu mwenyewe ndiye aliyeiandika nasaba ya mtamba huyo kwenye programu hiyo hiyo, safu kwa safu.

Mutugi, aliyesimama kando ya swichi ya umeme, aliinua nyusi kumuuliza. Dakika moja tu.

"Mzee wetu, karibu ubonyeze!" Kailemia alipaza sauti.

Muthamia alikuwa ameshaanza kuinuka, ananyoosha koti lake, anasubiri. Kananu alimtikisia Mutugi kichwa: hapana. Kisha akakishika kile kioo kwa mikono yake miwili, taratibu, kama anavyokishika kichwa cha ndama anapotokeza, akakigeuza kikaelekea mabenchi.

Makofi yaliendelea kidogo, kisha yakapungua. Watu wa mbele walianza kusogeza shingo.

"Kananu," Karambu aliuliza, "hayo yaliyoandikwa huko mwisho ni nini? Mimi macho yangu siku hizi..."

"Sogea hapa mbele, Mwalimu Karambu," Kananu alisema. Sauti haikumkauka. "Hebu soma."

Karambu aliuegemeza mkongojo kwenye benchi, akaanza kuitafuta miwani yake ndani ya mkoba.